Elimu Nyumbani: Rangi ya Mwana Hutoka Wapi?

Wazee wetu husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Neno hilo ni la kweli, na kila mfugaji hulithibitisha zizini mwake: mbuzi hazai kondoo, wala bata hatagi yai la kuku. Lakini mfugaji huyo huyo amekwisha kuona jambo jingine linalomshangaza. Mbuzi jike ana rangi moja, beberu naye ana rangi ile ile, na siku ya kuzaa hutoka mwana mwenye rangi ambayo mama hana wala baba hana. Je, rangi hiyo imetoka wapi?

Likiulizwa juu ya mbuzi, swali hilo ni la udadisi tu. Likiulizwa juu ya mtoto wa mtu, laweza kuvunja ndoa, na penginepo limemwaga damu. Kwa hiyo juma hili, wasomaji wapenzi, yafaa tulijibu polepole, hatua kwa hatua. Tutaanza mbali kidogo, kwa wafugaji wa farasi, maana wao wamezoea siku hizi kuijua rangi ya mwana kabla mama hajapata mimba. Kisha tutarudi nyumbani kwetu.

MNYAMA TUSIYE NAYE

Hapa Kibombo, kando ya reli itokayo Kindu kwenda kusini, watoto wetu humjua farasi kwa picha za vitabuni tu. Si kwamba wazee wetu hawakuwa na akili ya kumfuga. Vichaka na misitu yetu ina mbung'o, na mbung'o huchukua vijidudu viletavyo ugonjwa wa nagana, ambao huua farasi na ng'ombe. David Bruce, mganga wa jeshi la Waingereza, aliviona vijidudu hivyo huko Zululand mnamo mwaka 1895. Jamaa za vijidudu hivyo ndivyo viletavyo malale kwa binadamu.

Katika nchi zisizo na mbung'o farasi ni mali, na rangi yake huongeza bei. Wapo weusi, wapo wekundu kama kutu, wapo wa kahawia wenye singa nyeusi, wapo wa rangi ya dhahabu wenye singa nyeupe, tena wapo wachache wa rangi ya maziwa, wenye ngozi nyekundu-nyekundu na macho ya buluu. Mtu aliyenunua farasi jike kwa fedha nyingi hutaka kujua atazaa mwana wa rangi gani. Zamani alibahatisha. Leo hung'oa nywele ishirini au thelathini za shingoni au mkiani, pamoja na mizizi yake, huzitia katika bahasha, na kuzipeleka maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani. Baada ya siku chache hupata jibu lililoandikwa.

Nywele zawezaje kusema habari za mwana ambaye hajawa hata mimba? Ili kulielewa jambo hili yatupasa kwanza kuingia katika bustani ya mtawa mmoja.

MTAWA NA NJEGERE

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika jamaa ya wakulima. Akaingia monasteri ya Waagustino katika mji wa Brno, ulio leo katika nchi ya Cheki, akapewa upadri mwaka 1847. Alifundisha shule, ijapokuwa mtihani wa ualimu ulimshinda. Tangu mwaka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akizihesabu punje moja moja.

Alichukua njegere za manjano na njegere za kijani, akazichanganya kwa kuhamisha chavua kutoka ua hili kwenda ua lile. Watoto wote wakawa wa manjano. Mtu mwenye haraka angalisema kwamba rangi ya kijani imekwisha. Mendel hakuwa na haraka. Akaipanda mbegu ile ya manjano, akaiacha izae yenyewe kwa yenyewe, kisha akahesabu wajukuu: punje 6,022 za manjano na punje 2,001 za kijani. Yaani katika kila punje nne, moja ilirudia rangi ya babu.

Akaelewa ya kuwa kila mmea huwa na amri mbili za rangi, moja ya baba na moja ya mama. Amri ya manjano ikikutana na ya kijani, ya manjano hushinda na ya kijani hunyamaza. Lakini kunyamaza si kufa. Amri iliyonyamaza hupita kwa mwana, na mwana huipitisha kwa mjukuu, bila kuonekana. Na siku inapokutana na mwenzake aliyenyamaza vilevile, rangi yake hujitokeza.

Mendel alisoma habari hizi mbele ya wenzake mwaka 1865, zikapigwa chapa mwaka 1866. Hakuna aliyezitia maanani. Akafa mwaka 1884. Na mwaka 1900 tu ndipo wataalamu wa nchi mbalimbali walipotambua kwamba yule mtawa alikuwa amewatangulia. Amri zile sasa tunaziita jeni.

Enyi wanafunzi, jambo hili mwaweza kulijaribu nyumbani bila gharama. Chukueni vikombe viwili. Katika kila kikombe tieni punje moja ya mahindi meupe na moja ya mahindi ya manjano. Fumbeni macho, toeni punje moja katika kikombe hiki na moja katika kile, andikeni mlichopata, kisha zirudisheni. Fanyeni hivyo mara mia. Mtaona ya kuwa nyeupe mbili zimetoka pamoja karibu mara ishirini na tano. Pengine zitafuatana mara mbili, pengine zitachelewa sana. Lakini mwishoni hesabu hukaribia robo.

JIBU LA NYWELE

Sasa turudi kwa farasi. Kila mzizi wa unywele una chembe hai, na ndani ya kila chembe amri zote za mwili zimeandikwa kwa alama nne tu, mfano wa maandiko yenye alfabeti ya herufi nne. Wataalamu wamejifunza kuyasoma maandiko hayo. Mwaka 1996 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba wameipata jeni itofautishayo farasi mweusi na farasi mwekundu. Amri ya weusi hushinda, ya wekundu hunyamaza. Kwa hiyo farasi wawili weusi, wakiwa wote wawili wamebeba amri ya wekundu kwa siri, waweza kuzaa mwana mwekundu. Na hapo hakuna haja ya kumtafuta dume mwekundu aliyeruka ua usiku. Bali wekundu wawili hawazai mweusi.

Mwaka 2003 ikajulikana jeni nyingine, iitwayo SLC45A2, ambayo hupunguza rangi. Farasi mwekundu akiwa na amri moja ya kupunguza huwa wa rangi ya dhahabu. Akiwa na amri mbili huwa wa rangi ya maziwa, mwenye macho ya buluu. Tafadhali likumbukeni jina la jeni hiyo, kwani tutakutana nayo tena.

Msidhani kwamba kipimo hiki ni cha mapambo na bei tu. Katika Marekani wapo farasi wenye mabaka meupe ubavuni ambao hupendwa sana. Wawili wa namna hiyo wakipandana, pengine huzaliwa mwana mweupe kabisa. Mwana huyo husimama na kunyonya kama wengine, lakini matumbo yake hayana mishipa ya fahamu ya kuyasukuma. Chakula hakipiti, naye hufa kwa maumivu katika siku chache. Mwaka 1998 ilijulikana sababu: kila mzazi alibeba amri moja iliyoharibika, isiyomdhuru yeye mwenyewe, na mwana alizipata mbili. Tangu hapo mfugaji mwenye busara huwapima kwanza, na wawili wenye amri hiyo hawaunganishi.

Hivyo kipimo kimewafundisha wafugaji kwamba mwana mwenye rangi ngeni hatokani na ubaya wa mama. Ametokana na wazazi wawili, kila mmoja akiwa ametoa nusu. Hakuna farasi jike anayefukuzwa zizini kwa ajili hiyo.

MTOTO MWEUPE WA WAZAZI WEUSI

Je, sisi wanadamu tumekuwa na busara kama hiyo? Katika nyumba nyingi za Afrika huzaliwa mtoto mwenye ualbino: ngozi nyeupe, nywele za manjano, macho yasiyovumilia jua. Baba ni mweusi, mama ni mweusi. Maneno huanza kabla kitovu hakijaanguka. Mawifi hunong'ona kwamba mama alikwenda na mzungu. Wengine husema kwamba ni laana, au mzimu. Baba huona haya mbele ya wenzake, na mwisho wake, mara nyingi mno, mama hurudi kwa wazazi wake peke yake na mtoto mgongoni.

Wasomaji wapenzi, mambo hayo yote ni uongo, na twaweza kuonyesha ya kuwa ni uongo. Ile jeni SLC45A2 ya farasi wa rangi ya maziwa imo pia ndani yetu, na ikiharibika kwa baba na kwa mama pamoja, huleta aina mojawapo ya ualbino. Lakini aina iliyo ya kawaida zaidi katika Afrika yetu hutokana na jeni nyingine, jina lake OCA2. Mwaka 1992 wataalamu wa Afrika ya Kusini walionyesha mahali inapokaa; na miaka michache baadaye ikaonekana kasoro yenyewe: kipande cha herufi 2,700 hivi kimekosekana. Maandiko yote ya binadamu yana herufi zipatazo milioni elfu tatu. Basi ni kama kitabu cha kurasa milioni moja ambacho ukurasa mmoja umechanika. Mengine yote yamo: akili imo, nguvu imo, sauti imo, moyo umo.

Tena wataalamu walipopima jamaa za watu wenye ualbino Tanzania, Afrika ya Kusini na Kameruni, pamoja na Waamerika weusi, waliukuta ukurasa ule ule, umechanika mahali pale pale. Maana yake nini? Kasoro hiyo ni ya kale sana. Ilitoka kwa mhenga mmoja, nasi tumetembea nayo vizazi kwa vizazi, tangu kabla ya majina ya makabila na mipaka yetu ya leo. Haikuletwa na mzungu. Ni urithi wetu wenyewe.

Nayo haikai katika nyumba chache zenye mkosi. Tanzania, hesabu itajwayo mara nyingi ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Ukifuata kanuni ya Mendel, hesabu hiyo yaonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya 19 amebeba amri hiyo bila kujua. Katika darasa la wanafunzi 40 ni wawili hivi. Huenda wifi anayenong'ona ndiye anayeibeba. Huenda ni sisi tunaoandika, au ninyi mnaosoma.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino, kama punje mbili nyeupe za vikombe vile. Ndugu wa damu wakioana nafasi huongezeka, kwa sababu wamekunywa katika chemchemi moja. Bali mtu mwenye ualbino akioana na mtu asiyebeba kasoro ya jeni hiyo, watoto wote huzaliwa na rangi ya kawaida, ingawa kila mmoja huibeba amri kimya. Hivyo kijana asiogope kuoa binti mwenye ualbino kwa kudhani kwamba nyumba yote itajaa weupe.

Nanyi akina baba, lisikieni neno hili. Mtoto huyo asingalikuwa na rangi hiyo kama baba yake asingalitoa nusu. Basi weupe wake haumshitaki mama. Hiyo nusu ya pili ya amri imetoka kwa baba.

RANGI INAYOVUTA MACHO MABAYA

Kitu kisicho cha kawaida huvuta macho, na si macho yote yaliyo mema. Katika jimbo la Garissa, Kenya, kwenye hifadhi ya Ishaqbini, walionekana mwaka 2017 twiga weupe, jike na mwanawe. Habari zao zikaenea ulimwenguni. Mwezi wa Machi mwaka 2020 ikatangazwa kwamba jike na mwana mmoja wameonekana mifupa tu, wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja, naye mwishoni mwa mwaka huo akafungwa chombo pembeni ili walinzi wajue kila saa yuko wapi.

Twiga anasikitisha. Lakini Tanzania, hasa mikoa ya kando ya ziwa la Victoria, tangu miaka ya 2006 na 2007 walianza kuwindwa watu. Waganga wa uongo walieneza habari kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, na watoto wakakatwa mikono usingizini. Ubaya huo ukaingia Burundi, na baadaye Malawi. Katika shule ya Kabanga, huko Kasulu, watoto wengi walikimbiziwa wapate kulindwa, mbali na mama zao. Hao wote walihukumiwa na ukurasa mmoja uliochanika.

Wapo pia waliosimama imara. Mwaka 2008 Bi Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa na Rais Kikwete kuwa mbunge wa Tanzania. Na mwaka 2013 Bwana Isaac Mwaura akaingia bunge la Kenya. Umoja wa Mataifa uliazimia mwaka 2014 kwamba tarehe 13 Juni ya kila mwaka iwe siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino.

KIPIMO NA MIPAKA YAKE

Huenda msomaji akauliza: ikiwa farasi hupimwa ili mwana mweupe asizaliwe, kwa nini nasi tusipimwe vilevile? Swali hilo lataka jibu la wazi. Kipimo cha damu au mate kwa binadamu kipo katika maabara kubwa, nacho chaweza kufaa. Chaweza kumwonyesha baba mwenye shaka ya kuwa naye ni mbebaji. Chaweza kumsaidia daktari kujua aina ya ualbino.

Lakini tusichanganye zizi na nyumba. Yule mwana wa farasi tuliyemtaja hufa baada ya siku chache kwa maumivu yasiyo na dawa. Mtoto mwenye ualbino hafi kwa ualbino. Akilindwa, huishi, husoma, huoa na kuzeeka. Farasi huchaguliwa rangi kwa kuwa huuzwa. Mtoto hauzwi. Tunamhesabu kwa jina lake, wala si kwa bei.

Tena yafaa kujua kwamba mambo makubwa tunayohitaji hayangoji maabara. Kanuni ya Mendel haikuhitaji mashine. Ilihitaji mtu mwenye subira ya kuhesabu. Mzazi wa Kibombo asiyeweza kufika maabara yoyote aweza kuijua kweli hiyo hiyo kwa vikombe viwili na punje nne za mahindi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, jua. Rangi nyeusi ya ngozi ni mwavuli, na mtoto huyu hana mwavuli huo. Bila ulinzi ngozi hupasuka, kisha huota vidonda, na saratani ya ngozi ndiyo iwauayo wengi wakiwa bado vijana. Mvalisheni kofia pana na nguo za mikono mirefu tangu utotoni. Msimtume shamba wala mtoni wakati wa jua la utosi. Kazi zake na ziwe za asubuhi na jioni. Mafuta ya kuzuia jua yakipatikana apakwe kila siku. Huko Moshi, Tanzania, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hao hasa. Kidonda kisichopona kwa majuma machache kionyeshwe kwa mganga wa hospitali mapema.

Pili, macho. Watoto hawa huona kwa shida, na macho yao huchezacheza. Mwalimu asiyejua humwita mvivu. Enyi waalimu wenzetu, mwekeni mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Andikeni herufi kubwa. Mruhusuni kuukaribia ubao. Akishindwa kusoma ubaoni, kosa si la kichwa chake.

Tatu, ulimi. Yako majina ambayo watu hawa hutupiwa njiani, na neno zeruzeru ni mojawapo, nayo huwachoma. Mtoto ana jina alilopewa na wazazi wake. Tumwite kwa hilo.

Nanyi mawifi na mama wakwe, mtoto wa namna hiyo akizaliwa katika jamaa yenu, nendeni kwa mama yake kama mwendavyo kwa mzazi mwingine yeyote, na uji na kuni na furaha. Mpokeeni mtoto, mtazameni uso. Mtaona pua ya babu yake, na paji la uso la shangazi, na masikio ya baba. Ni wenu. Hata rangi yake imetoka kwenu.